Kulisha ruta umeme ukikatika: inveta, mini-UPS au betri moja kwa moja?

Mzee wa Tabata: Wakuu, nina ruta na kile kisanduku cha faiba, vyote vya volti 12, jumla wati 10. Umeme ukikatika navilisha kwa inveta na betri ya 12V 7Ah. Saa mbili tu, inveta inaanza kulia. Nimeuziwa betri feki?

FundiVolti: Hapana mkuu. Betri ni 12, inveta inapandisha hadi 230, adapta inashusha tena hadi 12. Ni kutoka Ubungo kwenda Kimara kwa kupitia Posta. Tena inveta inakula hata bila mzigo. Yangu ndogo nimeipima, wati 8 tupu. Betri yako ni Wh 84 (wati-saa, yaani volti mara Ah), na ya risasi usiivute chini ya nusu. Piga hesabu.

Mama Nasra: Mie nina mini-UPS, kile kisanduku kidogo chenye betri ndani, ya 10,400mAh, mzigo kama wako. Muuzaji aliniapia saa 10. Napata tatu na kidogo.

FundiVolti: Mama, namba hiyo ni ya seli za volti 3.7. 10.4 × 3.7 ni Wh 38, toa na zinazopotea kwenye kupandisha volti. Iko sawa, muongo ni muuzaji. Uzuri wake ruta haijizimi umeme ukiondoka. Pawabenki nyingi hapo hukata.

Kwetu Unguja: Kama kifaa kiko mbali, hadithi nyingine. Antena yangu iko juu ya paa, waya mita 25. Nilituma volti 12, juu zikafika 10, ikawa inajizima kila saa. Nikahamia PoE, yaani umeme kupitia waya wa mtandao, ya volti 48. Wati zilezile, mkondo robo, upotevu wa kwenye waya unashuka mara 16.

Mzee wa Tabata: Nikiunga betri moja kwa moja? Ikichajiwa inapanda hadi 14.4.

FundiVolti: Ndiyo maana unaweka kigeuzi cha DC kinachopandisha na kushusha, kitoe 12 kamili. Fyuzi ya ampea 2 iwe jirani na betri, usiiruke. Na soma mchoro kwenye adapta yako kama pini ya kati ni chanya.

Mzee wa Tabata: Mrejesho: nimefunga jana. Umeme ulikatika saa mbili usiku, hadi saa tano betri inasoma 12.2 na watoto bado wako kwenye katuni. Inveta nimempa kijana kwa mashine yake ya kunyolea.