Nipande ngazi au nikimbie marathoni? Nataka kuchangisha fedha za kituo cha watoto

ShangaziMtembezi

Habari za muda huu, ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mliowahi kuchangisha fedha kwa kukimbia, kuogelea au kuendesha baiskeli.

Mtoto wa dada yangu ana mtindio wa ubongo. Kuna kituo anakofanyiwa mazoezi ya viungo, na mle ndani kuna fremu ya kusimamia, ile yenye mikanda ya kifuani na magotini inayomshikilia mtoto asimame wima. Ipo moja tu. Watoto wanapokezana, mama zao wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu. Wa kwetu akishafungwa mikanda, kitu cha kwanza anageuza shingo kumtafuta mama yake. Akimwona anacheka hadi udenda unamtoka. Zamu ikiisha analia, na mwenzake naye tayari anavuliwa viatu. Nataka kituo kipate fremu ya pili, na ikiwezekana ya tatu.

Mimi si mwanamichezo. Kazi yangu ni ya kukaa, jioni natembea nikipata nafasi, basi. Nimewaza nipande ngazi za jengo la kazini kwa mwezi mmoja hadi nifikishe urefu wa Everest, mita 8,849. Mume wangu anasema watu wanavutwa na marathoni, kilomita 42 zinajulikana na kila mtu. Mdogo wangu anasema niache yote hayo niombe hela tu, anayetaka kutoa atatoa bila mimi kutoka jasho.

Nani yuko sahihi? Na hela zipitie wapi? Naona aibu sana kuomba watu.

MbioNdefu

Dada, hongera kwa wazo. Nimekimbia kwa ajili ya michango miaka kadhaa sasa, mara nyingi kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, kwa hiyo naongea kwa ninayoyajua.

Nianze na mdogo wako. Mwaka 2013 watafiti Christopher Olivola na Eldar Shafir walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi pale wanapotarajia kuumia na kuhangaika kwa ajili ya jambo lenyewe kuliko pale kutoa kunapokuwa rahisi. Na hali hiyo ilikuwa na nguvu zaidi pale msaada ulipohusu mateso ya binadamu kuliko ulipohusu starehe. Jasho lina kazi yake.

Mumeo naye nampinga kwa heshima. Umbali wenyewe hauchangishi chochote. Mwaka 2020 Kapteni Tom Moore wa Uingereza, akikaribia kutimiza miaka 100, alishika fremu yake ya kutembelea akaanza kuzunguka bustani yake, mita 25 kila mzunguko, mizunguko 100. Piga hesabu: jumla ni kilomita mbili na nusu! Alilenga pauni 1,000 kwa ajili ya mashirika ya hisani ya huduma ya afya ya nchi yake, zikaingia zaidi ya milioni 32. Kila aliyemtazama alielewa mita 25 ni nini kwa mzee wa umri ule.

Yupo pia Terry Fox wa Kanada, ambaye mimi namheshimu kuliko mkimbiaji yeyote aliyewahi kushinda medali. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti kwa sababu ya saratani ya mfupa. Aprili 1980 akaanza kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku, akiomba dola moja kwa kila Mkanada. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipofika kwenye mapafu ikamsimamisha. Alifariki 1981 akiwa na miaka 22, lakini kabla hajafa michango ilishapita dola milioni 24, yaani ile dola moja kwa kila mtu. Mwanzoni barabara zilikuwa tupu. Watu waliongezeka kadiri walivyomwona kwa macho yao na kujua kwa nini anakimbia.

Kwa hiyo chagua kitu ambacho ni kigumu kwako wewe, na ambacho watu wako wanaweza kukuona ukikifanya. Ngazi zinafaa kabisa. Marathoni kwa mtu wa kazi ya kukaa inadai miezi mingi ya maandalizi, na ukilazimisha unaweza kuishia na mifupa ya miguu yenye nyufa.

Ila mwezi mmoja ni mfupi. Tuseme ghorofa moja ina mita tatu: Everest ni kama ghorofa 2,950. Ukipanda siku tano kwa wiki kwa wiki nane, ni kama ghorofa 74 kwa siku. Zigawe asubuhi, mchana na jioni. Na kinachovunja watu ni kushuka: misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki huku ikivutwa, kesho yake huwezi hata kukaa kwenye kiti. Panda kwa miguu, shuka kwa lifti. Kama hakuna lifti, shuka polepole umeshika reli, na anza na nusu ya kiasi hicho wiki mbili za mwanzo. Goti au kifua vikiuma, simama uende kwa daktari.

BaiskeliAlfajiri

Mimi nitasema jambo ambalo huenda halitapendeza. Huwa sitoi kwa mtu anayesafiri kwenda kupanda mlima kwa michango. Nikiangalia, sehemu kubwa ya hela imelipia safari, mwongozaji na mavazi. Ngazi za kazini hazina gharama, dada, na hilo liandike wazi kwenye ombi lako: kila kilichotolewa kinakwenda kwenye fremu, viatu umenunua mwenyewe.

Kuhusu ahadi za "nitatoa kiasi fulani kwa kila ghorofa", ziepuke. Mtu anaahidi kwa furaha, akipigiwa hesabu ya ghorofa 2,950 anapotea. Na wewe ukiumia katikati, mtoto ndiye anakosa. Omba mchango mzima, mapema.

MwekaHazina

Nimetunza hesabu za michango ya namna hii, kwa hiyo swali la hela niachieni mimi.

Kabla ya ghorofa ya kwanza, nenda kituoni upate barua ya kukubali uchangishe kwa jina lao. Uliza fremu ya aina gani, ya vipimo gani, bei yake kwa maandishi pamoja na usafirishaji. Watoto wanakua, wanaweza kukwambia wanahitaji inayorekebishika kuliko mbili za kimo kimoja. Hela ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, zisipitie kwenye simu yako hata kama unaaminika kiasi gani. Kila wiki kituo kikupe jumla, nawe uitangaze. Na useme tangu mwanzo: zikizidi zitafanya nini, zikipungua zitafanya nini.

Jambo lingine, na hili linaniuma. Picha za mtoto. Usiweke uso wake bila dada yako kukubali, na hata akikubali, fikiria akiwa na miaka 15 akijiona humo. Piga picha ya fremu. Inatosha.

ShangaziMtembezi

Nimewasoma nyote, nashukuru mno. Nimeongea na dada, picha za mtoto hazitakuwepo. Kituoni naenda Jumatatu kuomba barua. Nitachukua wiki nane. Mume wangu amekubali, ila anataka wikiendi tupande wote!

Kilichobaki ni kuomba. Nimeandika ujumbe wa kuweka kwenye makundi yote niliyomo, nimeufuta, nimeuandika tena.

MbioNdefu

Usianzie kwenye makundi. Kwenye kundi kila mmoja anadhani mwenzake atatoa.

Andika majina ya watu watano wanaokupenda na wenye uwezo, uwapigie mmoja mmoja kabla hujatangaza popote. Kuna utafiti uliofanywa kwenye kurasa za michango za wakimbiaji wa London Marathon ya 2010: mtu akitoa mchango mkubwa, wanaofuata nao hupandisha, ukitangulia mdogo, wanaofuata hushusha. Hao watano ndio watakaoweka kimo. Makundi yaje baadaye, yakute orodha imeshaanza vizuri.

Ukipiga simu, mweleze fremu ni nini na watoto wangapi wanaigombea, mwambie unapanda ghorofa ngapi, kisha taja kiasi unachomwomba. Kitaje kweli, halafu nyamaza umwache ajibu. Akisema atafikiria, muulize umpigie lini.

MwekaHazina

Na akitoa, mpigie kumshukuru siku hiyohiyo. Jina lake usilitangaze hadi akuruhusu, wapo wanaotaka kutoa kimya. Jumatatu ukishapata barua, tuwekee hapa bei ya fremu tuanze sisi.