Barabara ya mgodini kila mvua inageuka tope, kifusi kinaliwa tu, nisaidieni wakuu

Kijiko na Greda
Wakuu habari zenu. Niko Dodoma kwa likizo ya wiki mbili ila usingizi sina. Kampuni yetu ndogo tu, tumezoea kokoto na kuchonga barabara za viwanja vipya huku Nala na Mtumba, mwaka huu tukapata kazi ya kutunza barabara ya kubebea makaa ya mawe kwenye mgodi mmoja huko Ruvuma. Mi ndo msimamizi wa mashine. Sasa kuna kipande kama mita 400 kinapanda kutoka shimoni kwenda kwenye lundo la makaa, mlima wake kama asilimia 8 hivi, kila ikinyesha kinakufa. Tunamwaga kifusi, tunashindilia, siku mbili dampa zimeshachimba mifereji ya tairi mpaka unaogopa kupita na pikapu. Mwezi uliopita nimemwaga tripu 60 hapo hapo na bosi ananiuliza hela inaenda wapi, kama vile nakula udongo. Dampa ni za tani 40. Miaka tisa nachonga barabara Dodoma sijawahi kuaibika hivi. Niongeze unene au nikatafute moramu (changarawe ya barabara) ya mbali?

Tairi la Akiba
Changanya saruji mkuu, kazi imeisha.

Binti wa Kikuyu
Saruji juu ya maji yanayotembea ni kutupa hela mara ya pili, samahani kaka Tairi.

Kijiko na Greda, kabla ya unene nijibu: maji yanaingia kutoka wapi na yanatoka nje kwa kupita wapi? Mi nimekaa mgodi wa makaa miaka minne kabla sijarudi Dodoma, na kosa la watu wa huku kwetu nalijua kwa sababu nililifanya. Sisi Dodoma mvua ni milimita mia tano na kitu kwa mwaka, inapiga kwa hasira saa moja, korongo linajaa, kesho jua, barabara imekauka. Kule kusini ni zaidi ya elfu moja na inaweza ikanyesha siku nne mfululizo, jua halikusaidii. Barabara yenyewe inabidi iyafukuze maji.

Chukua hesabu hii. Barabara ya mita 12 kwa kilomita moja, mvua ya milimita 50, hiyo ni lita laki sita. Maboza 60 ya lita elfu kumi, na hapo sijahesabu maji yanayoshuka kutoka mlimani. Kama hayana pa kutokea yanakaa kwenye njia za tairi, na dampa linalokuja linayasukuma ndani ya tabaka la chini kama pampu.

Angalia mgongo wa barabara kwanza. Asilimia 2 mpaka 3 kutoka katikati kwenda kando. Upande mmoja ukiwa mita 6, kwa asilimia 3 katikati inatakiwa iwe juu ya ukingo kwa sentimita 18, vuta kamba upime usiamini macho. Na kwenye mlima wako wa asilimia 8 maji hayakati barabara moja kwa moja, yanaenda mshazari, mpaka yatoke hizo mita 6 yameshatembea mita kama 16 kufuata barabara. Kwa hiyo ukiwa na njia za tairi hata sentimita 5 hayatoki kabisa, yanafuata hizo njia mpaka chini. Ndo maana panakatika.

Halafu swali langu kubwa: matuta ya usalama pembeni, yale ya udongo ya kuzuia gari lisitumbukie bondeni, yana mapengo?

Mzee wa Irangi
Vijana mnaongea vizuri. Mimi si mtu wa migodi, ni wa Kondoa, na nimeona HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, walipoanza 1973 ardhi yetu imeshachanwa na makorongo vibaya sana. Walichotufundisha ni kwamba korongo hulizibi pale lilipofika, unapanda juu unayakinga maji kabla hayajapata mwendo. Makinga maji yanafuata usawa wa mlima, yanatoa maji pembeni taratibu. Sasa wewe mwanangu juu ya hicho kipande kuna nini? Kama kuna mlima mtupu hauna mtaro wa kukinga, hata tripu 600 zitaenda na maji.

Kijiko na Greda
Shikamoo mzee. Juu kuna lundo la udongo uliotolewa juu ya makaa wakati wa kuchimba, mtaro hakuna.

Dada Binti, kuhusu tuta nimempigia foromani saa hizi katuma video. Aisee nimeona aibu. Tuta la usalama limeziba upande wote wa bonde, mita 400 nzima, hakuna hata tundu. Na upande wa pili greda letu limeacha kijituta cha udongo pembeni, kile kinachomwagika kwenye bledi, kwa hiyo barabara iko katikati ya kuta mbili kama mfereji wa kuoshea dhahabu. Dereva anajitahidi kila asubuhi anakwangua na kila asubuhi anaongeza kijituta.

Binti wa Kikuyu
Nilijua tu 😂 na mimi ndo ilikuwa hivyo hivyo.

Usimgombeze dereva, mfundishe raundi ya mwisho ya kukwangua arudishe ule udongo katikati au autupe nje. Tuta la usalama usilitoe, ni roho za watu hizo. Kimo chake angalau nusu ya tairi ya gari kubwa linalopita, dampa la tani 40 tairi ni kama mita 1.9 kwa hiyo tuta lisishuke chini ya mita moja. Toboa mapengo membamba ambayo gari haliwezi kupita, kila pengo litoe maji kwenye mtaro uliotandikwa mawe, la sivyo yatakuchimbia korongo jipya ukingoni na barabara itamegeka. Sisi tulikuwa tunatoa kila mita 40, penye mlima mkali tunasogeza karibu zaidi.

Na mwisho wa mitaro yote kuwe na bwawa la maji kutulia kabla hayajaenda mtoni. Maji ya makaa ni meusi na kuna mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji yanatoa tindikali. Wakaguzi wa mazingira hawataki hadithi.

Moramu Safi
Naongezea. Kifusi unachomwaga ni kipi mkuu? Isije ikawa ni lile jiwe jeusi jeusi linalotoka juu ya makaa kwa sababu lipo karibu na ni bure.

Kijiko na Greda
Ndo hilo hilo 🤦🏾 ukilishindilia kavu linakuwa gumu kama lami.

Moramu Safi
Kavu ndio. Chukua mawe matano weka kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi angalia. Mengi ya aina hiyo yanafumuka kama biskuti kwenye chai. Tripu zako 60 ulikuwa unaleta tope la baadaye.

Kina Thompson na Visser walichunguza barabara za migodi ya makaa Afrika Kusini miaka ya 90, wakasema tabaka la juu liwe na CBR (kipimo cha ugumu wa udongo ulioshindiliwa) isiyopungua 80 na mawe yasizidi milimita 40, na udongo mfinyanzi uwepo kidogo wa kushikilia. Ukizidi, mvua ikija panateleza, ukipungua kiangazi panakuwa vijituta kama bati na vumbi. Mwambie bosi hivi: tairi ikizama sentimita moja ni kama umeongeza asilimia 0.6 ya mlima. Ikizama sentimita 10 hiyo ni asilimia 6 za ziada, na barabara nzuri yenyewe bila kuzama inakula 2, kwa hiyo kwenye mlima wako dampa linapambana na 16 badala ya 10. Hiyo tofauti ni dizeli. Bosi akiona dizeli ataelewa moramu.

Tairi la Akiba
Saruji naiondoa.

Kijiko na Greda
😂 Nimeelewa wakuu. Nimemwambia foromani asimwage tripu hata moja, kijiko kianze mtaro wa juu alioutaja mzee, halafu mapengo, moramu mwisho kabisa. Ila anasema kuna sehemu kama mita 15 panatoa unyevu hata siku ya jua kali, mpaka majani yameota.

Binti wa Kikuyu
Hiyo ni chemchemi, maji yanatoka chini ya barabara yenyewe. Chimba mtaro kukatisha chini ya barabara, shuka mpaka uone maji yanapotokea, tandika jiotekstaili (kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo), jaza mawe magumu yasiyofumuka, funika na kitambaa hicho hicho kisha ndo urudishe kifusi. Utoe mdomo upande wa bonde na uweke alama ya nguzo, maana greda litauziba tu.

Kijiko na Greda
Kijiko kitakuwa huru Jumatano. Likizo naikata, naondoka na basi la Jumatatu.

Mzee wa Irangi
Beba na kamba ya kupimia.