Novemba na watoto watatu: Abu Dhabi au Johannesburg?

Mama Zuhura, Kisauni

Assalaam aleikum. Naomba ushauri wa waliokwenda wenyewe na watoto.

Mimi na baba watoto tumeweka akiba kwenye chama miaka miwili, sasa tuna shilingi 520,000. Watoto ni watatu: miaka 11, 8 na 4. Bembea wanazozijua ni zile za Idi pale Makadara, na mara mbili niliwapeleka Wild Waters, Nyali. Siku moja kifungua mimba wangu alinionyesha kwenye simu ile rola kosta ya Ferrari World, bustani ya bembea ya Abu Dhabi, inayokwenda kilomita 240 kwa saa. Akanambia, "Mama, nataka kuiona tu, si lazima nipande." Neno hilo limenikaa rohoni. Nataka aione.

Wakala mmoja mjini alinipa bei ya 780,000 kwa siku tano. Nikamwomba anichambulie: ndege ngapi, hoteli ngapi, viza ngapi. Akasema ni bei ya jumla, haichambuliwi. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Je, kwa pesa zetu inawezekana? Na twende Agosti au Desemba?

Baba Nuru, Likoni

Waaleikum salaam dada. Inawezekana, lakini si Agosti wala Desemba. Agosti kule joto linapita nyuzi 40, mtoto wa miaka minne utambeba mgongoni siku nzima. Krismasi nayo wageni wanajaa na bei zinapanda. Shule zetu zikishafungwa, nenda wiki ya pili au ya tatu ya Novemba. Hali ya hewa ni nzuri na wenzetu wa Ulaya bado wako madarasani. Sisi tulifanya hivyo.

Ndege: flydubai inatoka hapa hapa Mombasa, uwanja wa Moi, hadi Dubai, huna haja ya kupanda treni kwenda Nairobi. Tafuta siku za katikati ya wiki. Angalia pia kama tiketi ina begi la kupakia, kwa sababu ile ya bei ya chini kabisa huwa ni begi la mkononi tu.

Malazi: sisi tulichukua nyumba yenye jiko Deira, mtaa wa Dubai, karibu na metro, ile treni ya mjini. Mke wangu alibeba unga na viungo, asubuhi chapati, usiku wali. Hapo ndipo tulipookoa pesa nyingi kuliko popote. Jua pia kuna ada ya utalii, dirham 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi unadaiwa ukishafika. Kutoka Dubai kwenda Abu Dhabi panda metro hadi kituo cha Ibn Battuta, kisha basi la E101, dirham 25, kama shilingi 875 hivi.

Sasa lililo kubwa, na sikuambiwa na mtu. Pima watoto wako kimo kabla hujalipa chochote. Nuru wangu alikuwa na miaka mitano. Tulipanga foleni karibu saa nzima, tukafika kwenye ule ubao wa kupimia. Akasimama kwa ncha za vidole. Yule dada wa pale akachutama, akamshika visigino taratibu akavishusha chini. Zilipungua sentimita mbili. Mtoto hakupiga kelele, alinitazama tu huku machozi yanamtoka. Kila bembea kimo chake kimeandikwa kwenye tovuti ya bustani yenyewe, na tiketi ukizinunua huko mapema huwa nafuu kuliko langoni.

Kwa hiyo gawanyikeni. Baba na mkubwa waingie Ferrari World, wewe na wadogo mwende Warner Bros. World. Bustani zote mbili ziko kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, na hiyo ya pili yote iko ndani ya jengo lenye ubaridi. Kila mtu analipa bustani moja tu.

Binti Tudor

Mimi ningefikiria Johannesburg. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa siku 90 kwa mwaka, na viza za watu watano si pesa ndogo. Gold Reef City, bustani ya bembea ya huko, imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na watu hushushwa chini ya ardhi kuutazama. Shida ni kwamba kutoka Mombasa lazima ubadilishe ndege.

Ami wa Kuze

Popote mtakapokwenda, paspoti za watoto zianze sasa. Kila mtoto ana yake, hata huyo wa miaka minne. Na Johannesburg msisahau kadi za homa ya manjano.

Mama Zuhura, Kisauni

Shukran sana, Mungu awalipe. Binti Tudor, hiyo ya mgodi imenivutia, lakini ahadi niliyompa mwanangu ni ile aliyoiona kwenye simu.

Baba Nuru, nimewapima jana usiku kwenye fremu ya mlango, kwa kalamu ya risasi na futi ya cherehani. Mkubwa sentimita 141, wa kati 126, mdogo 101. Huyo mdogo naye alijinyoosha, nikamwambia akanyage chini vizuri. Tutagawanyika kama ulivyosema. Nijuze tu, hiyo nyumba ya Deira mlilipia kabla au mlipofika?