Ukumbi wa Mbeya umetutoza kiingilio cha roki nzito, kisha ukatukatia kila wimbo katikati

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ukumbi mmoja hapa Mbeya, ambao sitautaja jina, ulitangaza usiku wa roki nzito ya saikedeliki, yaani muziki wa magitaa mazito ya taratibu unaomzamisha msikilizaji, ukatoza kiingilio cha shilingi 10,000, nasi wapenzi wachache wa muziki huu tukajikusanya kwenye baridi ya Juni, wengine wakitoka Tukuyu na Tunduma. Hakuna wimbo hata mmoja uliofika mwisho.

Chukueni mfano wa Sleep, kundi la San Jose, California. Katikati ya miaka ya 1990 vijana hao watatu walirekodi wimbo mmoja wa zaidi ya saa 1. Kampuni yao ya muziki ikakataa kuutoa jinsi ulivyo, na toleo lake liitwalo Dopesmoker likaja kutoka mwaka 2003. DJ wetu aliukata kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa, akashika maikrofoni na kututangazia bei ya mishikaki.

Anayedai kwamba muziki huu ni mvumo ule ule unaorudiwarudiwa hajaupa muda. Kipande kimoja cha gitaa kikirudiwa taratibu kwa dakika nyingi, sikio huacha kungoja jambo jipya na kuanza kusikia yaliyokuwemo tangu mwanzo: milio myembamba inayoelea juu ya noti nene, uzi unaotetemeka hadi unakaribia kunyamaza, ampulifaya inayoendelea kuvuma ilhali mpigaji ameshaondoa mkono. Hapo ndipo mtu anapozama, na hapo ndipo tulipokuwa tukizinduliwa kila mara.

Uzito nao tulinyimwa. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath la Uingereza, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani huko Birmingham akiwa na umri wa miaka 17, kufikia mwaka 1971 alikuwa akilegeza nyuzi za gitaa lake kwa nusu toni tatu, yaani kushusha sauti hatua tatu ndogo, katika baadhi ya nyimbo, zikawa laini kwa vidole vyake na nzito kifuani mwa msikilizaji. Fundi mitambo wetu alipunguza besi kwa madai kwamba spika zinakoroma. Mkoromo huo ndio tuliokuja kuulipia!

Kinachoniuma zaidi ni Zambia, ambayo ukiwa Tunduma unavuka kwa miguu. Miaka ya 1970 makundi ya huko kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family yalipiga roki yao wenyewe, Zamrock, yenye magitaa ya kuunguruma. Usiku kucha hatukusikia hata moja, na nilipouliza, DJ naye akaniuliza kama Zambia nako kuna roki.

Meneja anajitetea kwamba nyimbo ndefu huwachosha wateja. Wateja gani, ndugu zangu? Nani angethubutu kusimamisha ngoma ya asili ya ing'oma kule Kyela baada ya dakika tatu ili atangaze mishikaki? Kama ukumbi hauna subira, utangaze disko la kawaida, na sisi tutabaki majumbani na redio zetu.

Nimedai kiingilio changu kirudishwe. Nimejibiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa nilikwisha kunywa soda. Soda hiyo niliilipia mwenyewe, na risiti ninayo.