Mama mkwe anakuja Mwanza kutoka Musoma, nimpeleke kula wapi? Naombeni ushauri

Mgosi wa Pongwe

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamishiwa Mwanza kikazi, huu ni mwezi wa nne tangu nifike. Naishi Nyakato. Nikiri tu kwamba mji siujui. Njia yangu ni Nyakato–Posta, Posta–Nyakato. Mchana nakula wali maharage kwa mama ntilie mmoja nyuma ya ofisi, jioni chipsi mayai kwa kijana wa pale kituoni, ambaye siku hizi akiniona tu anavunja mayai bila kuniuliza.

Sasa mama mkwe anakuja. Anatoka Musoma, anashuka stendi ya Nyamhongolo Ijumaa asubuhi, anaondoka Jumatatu. Tangu nioe hajawahi kufika kwangu. Mke wangu anasema tusimfungie ndani siku zote hizo kama yuko msibani, tumtoe siku moja aone mji. Tutakuwa wanne: mimi, mke, mama, na shemeji yangu wa kidato cha pili. Nimetenga elfu 60. Ikizidi hapo mwisho wa mwezi nitakuwa nasalimia watu kwa huzuni.

Nilichopanga ni Jumamosi mchana twende kwenye hoteli mojawapo ya kando ya ziwa, tule sato mkubwa, tupige picha. Ila nina kidonda. Mwezi uliopita nilikaa sehemu moja hivi ya ufukweni (siitaji), nikaagiza samaki bila kuuliza bei, nikasubiri saa nzima na dakika arobaini, na bili ilipokuja nikadhani wamenipa ya meza ya jirani.

Mengine ya kujua: mama ni Msabato. Kitimoto hagusi, kahawa na chai ya majani hanywi. Muziki wa kugonga kifua hapendi. Nataka sehemu ya kawaida, safi, watu wanakaa wanaongea.

Nawasilisha.

ChapatiMbili

Mkuu, umeandika mama ni Msabato halafu umepanga mtoko Jumamosi mchana. Ulilisoma bandiko lako kabla hujalituma?

Mgosi wa Pongwe

Eeh. Aisee.

NyandaWaMagu

Nimecheka kwenye daladala hadi konda kaniuliza kama niko sawa.

Mwadila, Mgosi. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, inaisha Jumamosi jua likizama, na huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Katikati hapo mama hanunui kitu, na wewe ukimnunulia mbele yake ni kama umemnunulisha. Ijumaa mchana apumzike na safari. Mkeo apike mapema chakula cha kesho yake. Jumamosi amsindikize kanisani, hapo Nyakato hawezi kukosa. Mtoko ni Jumapili.

La pili ni zito zaidi. Mama wa Musoma unampeleka kula samaki? Huyo kakua samaki akiwa ndiyo mboga, sato anamjua hadi ukoo wake. Utalipa hela nyingi kwa samaki aliyelala kwenye friza, ataonja upande mmoja, atasema "mzuri, mwanangu," halafu usiku atampigia dada yake simu kwa Kijita. Mkeo ataielewa hiyo simu. Wewe hutaielewa.

Dagaa Mkavu

Hapo kwenye simu umemaliza kila kitu.

binti_mwaloni

Mimi nauza samaki Kirumba mwaka wa tisa huu, na pamoja na kwamba natafuta wateja nakubaliana na Nyanda. Usimpeleke mama kula samaki. Ila kwa kuwa ulishaumizwa, ngoja nikufundishe ili usiumizwe tena siku nyingine.

Samaki wa hotelini huku anauzwa kwa ukubwa wake. Kwa hiyo huagizi ukiwa umekaa. Unaamka, unakwenda walipo, unasema "nionyesheni," unachagua mwenyewe, mnapatana bei na anavyopikwa HAJAINGIA kwenye mafuta. Mwangalie jicho, liwe limejaa na linang'aa. Likizama ndani kama la mgonjwa, achana naye. Fungua shavu, matamvua yawe mekundu. Bonyeza nyama, irudi. Mhudumu akikunja uso ukifunua shavu, hama meza.

Sato anayeruhusiwa kuvuliwa anaanzia sentimita 25, sangara anaanzia sentimita 50. Ukiletewa kasato ka kiganja jua kwanza ni katoto, na pili umelipia miiba.

Na kuhusu kusubiri, nitamtetea mpishi kidogo. Sato mkubwa mzima kumpara, kumchana na kumkaanga hadi aive mpaka mfupani si jambo la dakika kumi. Kosa lao ni kutokukwambia. Wenyeji tunapiga simu saa moja kabla, tunataja ukubwa, tunakuta anamalizikia.

Mgosi wa Pongwe

Dada, haya maelezo ningeyapata mwezi uliopita ningekuwa na hela ya viatu. Asante sana.

Sasa mkeo wa Kijita (namaanisha mke wangu, mnanichanganya) anauliza, dagaa je? Mama yake anawapenda wabichi.

binti_mwaloni

Jumapili gani hiyo? Angalia mwezi angani, usiangalie kalenda. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, wavuvi wanapumzika, na wabichi wanaadimika. Giza likirudi utawapata alfajiri hadi utawakimbia. Wakavu wapo siku zote, hapa sokoni kwetu Mwaloni, Kirumba, wamejaa magunia, yanapakiwa hadi ya Kongo.

kaka_wa_Igoma

Swali la kizushi, Wasabato wanakula dagaa? Si hawana magamba?

Dagaa Mkavu

Ana magamba, madogo tu. Kambare ndiye haliwi. Usinichafulie jina.

MzeeWaBuzuruga

Vijana mnakimbilia chakula, kuna jambo mmeliruka. Sisi Wakurya, mkwe na mama mkwe wake hawakai meza moja wakala. Sijui kwa Wajita wa huko kwenu ikoje, na siku hizi mambo yamelegea, lakini mwanangu usije ukamvutia kiti mama wa watu ukadhani ni ustaarabu, yeye akakaa na njaa kwa aibu. Muulize mkeo kabla hujapanga chochote.

Mgosi wa Pongwe

Shikamoo mzee. Nimemuuliza sasa hivi. Amesema mama hana shida na kula pamoja, ila nisikae mkabala naye na nisimwangalie anapotafuna. Nitakaa pembeni na shemeji. Sikuwa nalijua hili kabisa, Tanga kwetu mama mkwe ndiye anakupakulia.

Lindanda damu

Haya, baada ya mkutano wa wazee sasa tumpeleke mtu kula.

Mgosi, umechanganya vitu viwili ndiyo maana uliumia. Kula na kutazama ziwa ni safari mbili. Ukivifanya sehemu moja, unalipia kiti, upepo na mandhari, halafu samaki anakuja juu ya hayo. Kula mjini kati kwa bei ya mjini, halafu tembea ukalione ziwa.

Mama umpeleke Makoroboi na mitaa ya jirani pale, upande wa hekalu la Wahindi. Wahindi wa Mwanza wako hapa tangu enzi za mababu, na Wahindu miongoni mwao wengi hawali nyama kabisa. Maana yake nini kwa Msabato? Kwenye vijihoteli vyao visivyopika nyama hana haja ya kuuliza sufuria hii ilipikiwa nini jana. Bhajia za dengu na za viazi, sambusa za mboga, kachori, chapati laini na mchuzi wa dengu, chatne ya ukwaju ile ya kuramba kidole. Musoma mama hali hivi kila siku, na hawezi kusema "mimi napika vizuri zaidi." Hapo ndipo utashinda.

Vijihoteli vyenyewe usivitegemee mabango. Tafuta palipo na familia za Kihindi zenyewe zimekaa na bibi zao. Bibi wa Kihindi hadanganywi bhajia.

Elfu 60 mtakula na chenji itarudi.

ChapatiMbili

Nakazia. Ila nenda mapema, mafuta yakiwa mapya. Kuanzia saa moja usiku bhajia zinakuwa zimeshaona mengi.

Neema wa Bwiru

Mimi napinga kidogo. Mama mtu mzima kumtembeza mjini kati juani kutafuta bhajia ni kumtesa. Mpeleke Rock City Mall, mnakaa kwenye kivuli, choo kisafi, shemeji yako atafurahi kupanda ngazi za umeme, na juisi nzuri zipo. Ziwa mnaliona kwa mbali.

Lindanda damu

Choo kisafi nakubali, hiyo ni hoja. Lakini mtu katoka Musoma aje kula baga?

Neema wa Bwiru

Sijasema baga, nimesema juisi. Na mama yangu mimi alipokuja alikumbuka zile ngazi kuliko chakula chochote. Wanaume mnapanga mitoko kwa matumbo yenu.

NyandaWaMagu

Dada Neema ana pointi, Mgosi usiipuuze. Jumapili barabara za katikati hazina msongamano, bajaji itawashusha mlangoni kabisa. Kaeni saa tisa hivi, jua limepungua makali. Mkitoka hapo bajaji tena hadi Kamanga, kule kivuko cha Sengerema kinapotia nanga. Jiwe la Bismarck liko hapo hapo majini, lile lililokaa juu ya mengine kama limesahauliwa. Shemeji wa kidato cha pili mwambie huyo Bismarck ndiye yule wa Mkutano wa Berlin 1884–85, Wajerumani waliacha jina lake juu ya jiwe la Wasukuma. Hata kwenye mtihani hatosahau.

Kinywaji cha mama: ukisema "chai ya maziwa" watakuletea yenye majani. Sema maziwa ya moto na tangawizi, bila majani, rudia mara mbili. Au mchaichai kama upo.

kaka_wa_Igoma

Na ukishindwa kabisa, wapeleke Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Zamani kwenye foleni ya kivuko ulikuwa unakula mahindi, mayai na samaki wa kukaanga hadi unasahau unakwenda Sengerema. Sasa dakika chache umeshavuka na njaa yako.

Mgosi wa Pongwe

Wakuu nimeshiba kabla ya kula. Uamuzi: Jumapili, Makoroboi saa tisa, Kamanga saa kumi na moja. Choo nitakagua mimi kwanza kabla ya kumwita mama. Nitaleta mrejesho.

Halafu na mimi mwenyewe, kahawa chungu ya kijiweni naipata wapi? Sio hii ya mashine yenye povu.

MzeeWaBuzuruga

Ukiona wazee wanacheza drafti chini ya mti na buli liko kwenye mkaa, umefika. Usikae kwenye benchi la mwisho, hilo lina mwenyewe.

---

Mgosi wa Pongwe

MREJESHO.

Samahanini kwa kuchelewa. Ijumaa na Jumamosi zilipita kama Nyanda alivyosema, ukiondoa kwamba mimi nilitumwa dukani Jumamosi mchana kufuata chumvi, nikarudi nikakuta mama ananitazama, nikairudisha mfukoni.

Jumapili asubuhi mama akasema anataka kuona hao samaki wa Mwanza wanaosifiwa. Tukaenda Mwaloni. Wakuu, sikufungua mdomo. Alifunua mashavu ya sato kama sita, akasema wawili wana siku tatu, muuzaji akabisha, mama akambonyeza samaki mbele yake, nyama haikurudi. Watu wakacheka. Akaondoka na dagaa wakavu tu. binti_mwaloni, natumaini haikuwa meza yako.

Saa tisa Makoroboi. Kijihoteli tulichopata kilikuwa na bibi wawili wa Kihindi kwenye kona, nikajua ndipo. Choo nilikagua, kilipita. Mimi na shemeji tukakaa pembeni. Mama aliomba maziwa bila majani, wakaleta yenye majani, Nyanda alishatuonya turudie mara mbili na mimi nilisema mara moja. Wakabadilisha bila maneno. Bhajia za dengu alikula tatu akanyamaza. Ya nne akauliza ndani wameweka nini. Mke wangu akamwita mpishi, mama na yule mpishi wakazungumzia giligilani na bizari dakika kama ishirini, mimi nimekaa na chapati yangu. Chatne hakuipenda, alisema ni sukari ya watoto. Bili ilikuwa chini ya nusu ya bajeti, nikaiangalia mara mbili kwa mazoea.

Kamanga upepo ulikuwa mkali, hatukukaa sana. Shemeji alisema huyo Bismarck hawajamfikia bado.

Usiku simu ilipigwa Musoma, kwa Kijita. Nilisikia neno "bhajia" kama mara tano. Nikamuuliza mke wangu dada yake mama kasema nini. Akasema na yeye anakuja mwezi ujao.

Dagaa Mkavu

Picha hakuna?

Neema wa Bwiru

Huyo wa mwezi ujao apelekwe kwenye ngazi za umeme. Nimemaliza.