Kitenzi "get" kina maana ngapi hasa?

Mwuliza swali: Habari zenu, ndugu. Nilifundishwa kwamba "get" ni kupata, na maana hiyo inanitosha ninaposoma "get a letter". Jana, hata hivyo, nilikutana na "it got dark" na "I got him to sign", nikakwama kabisa. Naomba ufafanuzi.

Jibu la kwanza: Kupata ndiyo maana ya msingi. Kikifuatwa na kivumishi, kitenzi hiki huonyesha kubadilika kwa hali: "it got dark" ni giza liliingia, "get old" ni kuzeeka, "get wet" ni kulowa. Kiswahili huyabeba mabadiliko hayo ndani ya kitenzi chenyewe, na ndiyo maana ukitafuta neno la kusimama badala ya "get" hutalipata.

Jibu la pili: Naongezea kuhusu "I got him to sign", ambayo mimi ilinisumbua muda mrefu. Maana yake ni kwamba nilimfanya atie saini, mara nyingi kwa kumshawishi, tofauti na "I made him sign", ambayo inaelekea kwenye kulazimisha. Zingatia pia kwamba "get" hapa hudai "to", ilhali "make" haiitaki.

Jibu la tatu: Wamarekani husema "I've gotten a book" kwa maana ya nimepata kitabu, lakini "I've got a book" ni ninacho.

Mwuliza swali: Asanteni sana. Je, "get up" nayo ni mabadiliko ya hali?

Jibu la kwanza: Hapana, hiyo ni mwendo: kuinuka, au kuamka.