Ripoti ya MRI ya goti inashuku saratani: je, upo uvimbe mwingine unaofanana nayo?

Mleta uzi
Ndugu wanajukwaa, naombeni ushauri. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 31, ana goti linalojaa na kunywea kwa mwaka na nusu sasa, ingawa hakuanguka wala kugongwa. Alipofyonzwa maji ya goti kwa sindano, yalitoka ya kahawia, mithili ya maji yaliyolala kwenye bomba lenye kutu. Ripoti ya MRI inasema kuna uvimbe ndani ya kiungo uliokwisha kula mfupa, na kwamba saratani inashukiwa. Daktari anataka ampasue wiki hii hii.

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, ndugu yangu. Nimefanya kazi ya kusoma picha kwa miaka mingi, na hayo maji ya kutu ndiyo yaliyonifanya niandike. Upo uvimbe usio saratani unaoota kwenye utando wa ndani ya kiungo, hasa goti, ambao tangu 1941 ulijulikana kama PVNS na siku hizi huitwa TGCT. Huvuja damu kidogo kidogo, na chuma cha damu hiyo, yaani hemosiderini, huganda kwenye utando na kuonekana cheusi kwenye MRI. Hula mfupa, na kwenye kipimo cha PET, yaani picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi, hung'aa kama saratani iliyosambaa, kwa hiyo hata msomaji mzoefu hupotoshwa. Ripoti inataja hemosiderini?

Mchangiaji wa pili
Tusimfariji kabla ya wakati. Sarkoma ya sinovia, ambayo ni saratani ya tishu laini, nayo huwapata vijana, hupenda maeneo ya karibu na goti, na inaweza kukua taratibu hata ikadhaniwa si kitu. Asipasuliwe kabla kinyama hakijachukuliwa na kupimwa, tena mahali penye wazoefu wa uvimbe wa aina hii, kwa sababu njia ya sindano hupangwa pamoja na daktari atakayepasua baadaye.

Mchangiaji wa tatu
Goti langu lilikuwa na TGCT ya kutapakaa, yaani iliyoenea kwenye utando badala ya kuwa donge moja. Walikwangua utando wote, ukarudi baada ya miaka miwili. Si saratani, lakini ni king'ang'anizi. Dawa zipo, pexidartinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, ila inaweza kudhuru ini vibaya.

Mleta uzi
Ahsanteni. Hemosiderini imetajwa, ukurasa wa pili, mstari mmoja tu. Upasuaji tumeuahirisha, na kinyama kitachukuliwa Alhamisi.